Postfix kwenye Debian: barua pepe zilizokwama foleni sasa zinatoka

Kwa wanaohangaika kama nilivyohangaika hapa Jinja, nikiwekea SACCO yetu seva ya barua pepe kwa Postfix (programu ya kutuma na kupokea barua) juu ya mfumo wa Debian: barua ziliingia vizuri, lakini za kutoka zilikwama. Amri ya mailq, inayoonyesha foleni, ilitoa "Connection timed out" kwenye mlango wa 25. Kuwasha upya, kulegeza ufw (ukuta wa moto wa seva), hata kusakinisha upya, havikusaidia.

Mlango wa 25 wa kutoka ulikuwa umefungwa na mtandao, jambo la kawaida kuzuia barua taka. Dawa ni kupitishia barua kwenye seva nyingine, mlango wa 587.

Sakinisha libsasl2-modules (ya kuingia kwa jina na nywila). Ndani ya main.cf, faili la mipangilio ya Postfix, andika relayhost (seva ile nyingine), smtp_sasl_auth_enable = yes, smtp_sasl_password_maps = hash:/etc/postfix/sasl_passwd, smtp_sasl_security_options = noanonymous na smtp_tls_security_level = encrypt.

Ndugu zangu, tazameni mabano ya mraba! Jina la seva kwenye relayhost likae ndani yake, kisha :587 nje. Bila mabano, Postfix hutafuta rekodi za MX (zinazotaja seva za barua za jina hilo) na kwenda kwingine. Na ndani ya sasl_passwd, faili la nywila, liandikwe vilevile, mabano na namba; likitofautiana, nywila haipatikani. Hapo ndipo penye siri yote.

Kisha postmap /etc/postfix/sasl_passwd, postfix reload, postqueue -f. Foleni ikaisha.

Mweka hazina aliuliza kuhusu leseni: Postfix ni huria, chini ya IBM Public License 1.0 au Eclipse 2.0, ukichagua mwenyewe. Hakuna malipo kwa kila sanduku la barua. Maandishi ya leseni yako /usr/share/doc/postfix/copyright.