Wazee Waliolia Msingi Ulipowekwa

Somo la wiki: Ezra 3:8–13

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Siku msingi wa hekalu la pili ulipowekwa Yerusalemu, makuhani walisimama na parapanda zao, wana wa Asafu wakashika matoazi, na watu wote wakapaza sauti kwa shangwe. Katikati ya shangwe hiyo, wazee wakaangua kilio. Walikuwa wameliona hekalu la Sulemani kabla Wababeli hawajaliteketeza. Walipouangalia msingi mpya wakalikumbuka lile la kwanza, na machozi yakawashinda. Ezra anasema watu hawakuweza kupambanua sauti ya furaha na sauti ya kilio, na kelele hizo zilisikika mbali.

Nimekaa na mistari hii wiki nzima kwa sababu ya mjadala ulioibuka kati yetu: je, muziki wa roki wa miaka ya 60 na 70, enzi za Beatles, Jimi Hendrix, Led Zeppelin na Queen, unaushinda muziki unaovuma leo? Wapo mtakaouliza swali hilo linatafuta nini kwenye tafakari. Mimi naona lina nafasi yake. Wazazi na watoto wakianza kutoelewana, mara nyingi huanzia kwenye muziki, na ugomvi huo huingia nao kanisani mpaka kwenye kwaya.

Niseme wazi nilipo. Naupenda muziki wa miaka ile, na naona kuna jambo walilotuzidi. Mwaka 1967 Beatles walirekodi albamu iliyobadili muziki wa pop kwa mashine za tepu zenye njia nne tu za kurekodia sauti. Simu ya kijana wa leo ina uwezo mkubwa kuliko huo. Njia zikiwa nne, hakuna nafasi ya kutupiatupia. Kila ala lazima ijue imefuata nini. Mwaka 1975 Queen, wakiongozwa na Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja, walitengeneza wimbo ambao ndani yake unasikia kwaya kubwa, kumbe ni watu watatu waliorekodi sauti juu ya sauti, siku baada ya siku, mpaka tepu ikaanza kuchakaa kwa kupitishwa mashineni.

Mwaka huohuo Pink Floyd walitoa wimbo mrefu ambao mwimbaji hafungui kinywa mpaka dakika ya nane imepita. Kinanda kinatanda taratibu, gitaa linapiga noti nne, linanyamaza, linazirudia. Anayesikiliza anaachwa angoje. Leo Spotify huhesabu kwamba wimbo umesikilizwa baada ya sekunde 30, na mtunzi anayelijua hilo anaogopa kumngojesha mtu. Anakupa kiitikio mlangoni. Kwa uvumilivu huo wa zamani, niko upande wa wazee bila kusita. Anayetaka kujifunza kukaa kimya mbele za Mungu atasumbuka sana kama masikio yake yamezoea kulishwa kila baada ya sekunde chache.

Lakini tuendelee kidogo na wimbo huohuo, maana una habari yake. Uliandikwa kwa ajili ya Syd Barrett, rafiki yao aliyekuwa kiongozi wa kwanza wa bendi, kijana mwenye kipaji kikubwa aliyeharibikiwa akili huku akitumia dawa za kulevya. Siku moja ya Juni 1975, wenzake wakiwa studio London wanaumalizia, aliingia mwanamume mnene aliyenyoa kichwa chote na nyusi pia. Walimtazama bila kumtambua. Ikapita muda ndipo mmoja akang'amua kwamba yule wanayemwombolezea kwenye tepu ndiye aliyesimama chumbani. Wapo waliotokwa na machozi.

Na hakuwa peke yake. Hendrix alifariki Septemba 1970, Janis Joplin Oktoba mwaka huohuo, Jim Morrison Julai 1971. Watatu hao wote walikuwa na umri wa miaka 27. Tukiziita zile enzi za dhahabu, tukumbuke kwamba kuna mama waliowazika watoto wao humo. Siwezi kumwambia kijana "wakati wetu mambo yalikuwa mazuri" nikayaruka makaburi hayo.

Wazee wa Ezra nao wangeweza kusahau. Soma Ezekieli sura ya 8 uone hekalu la kwanza lilikuwaje siku zake za mwisho: wazee sabini wakifukizia uvumba sanamu zilizochorwa ukutani, na mlangoni wanawake wakimlilia Tamuzi, mungu wa kipagani. Lile hekalu wanalolililia ndilo ambalo utukufu wa Bwana uliondoka. Tena, tangu lilipochomwa mpaka msingi mpya ulipowekwa ni takriban miaka 50. Wengi wa waliokuwa wanalia walikuwa watoto na vijana walipoliona. Kitu ulichokiona ukiwa na miaka kumi, ukiwa umeshikwa mkono na baba, kinabaki kikubwa mpaka uzee. Wimbo ulioupenda ukiwa shuleni ni hivyohivyo. Unapousikia leo unaisikia na sauti ya marehemu kaka yako, unaiona na nyumba ambayo haipo tena. Sioni dhambi hapo. Ila tusichukue upendo huo tukaufanya mizani ya kupimia kazi za watoto wetu.

Chukua mwaka 1969, ambao wapenzi wa roki huutaja kwa heshima. Ndio mwaka wa tamasha la Woodstock, na Led Zeppelin walitoa albamu mbili. Lakini jarida la Billboard la Marekani lilipofunga hesabu za mwaka, wimbo ulioongoza ulikuwa "Sugar, Sugar", kiwimbo chepesi kilichopewa jina la bendi ya vikatuni vya televisheni. Ndicho watu walichokinunua kwa wingi. Miaka hamsini imepita kwenye ungo, pumba zimepeperuka, sisi tunaokota mchele na kusema zamani hapakuwa na pumba. Muziki wa leo bado uko kinuni. Kuufananisha na ule uliokwisha kupepetwa ni kuwaonea vijana.

Kuna mtu mmoja ninayetaka tumtazame kwa karibu, kwa sababu alitoka kanisani. Sister Rosetta Tharpe alizaliwa mwaka 1915 Cotton Plant, Arkansas. Mama yake alikuwa mwinjilisti wa kanisa la Church of God in Christ, na mtoto huyu alipiga gitaa kwenye mikutano ya Injili tangu akiwa mdogo kabisa. Alipokua akashika gitaa la umeme, akaimba habari za Yesu kwa mapigo ambayo leo kila mtu angeyaita roki, miaka mingi kabla neno hilo halijazoeleka. Mwaka 1938 alipanda jukwaa la Cotton Club, New York, na waumini wengi walimkasirikia: nyimbo za Bwana kwenye kumbi za ulevi! Sitasema hawakuwa na sababu ya kuhofu. Lakini hawakumsindikiza. Walimwacha aende peke yake.

Mei 1964 televisheni ya Uingereza ilimrekodi Manchester, kwenye stesheni ya reli isiyotumika tena. Yeye upande huu wa reli, vijana wa Kiingereza wameketi upande wa pili. Mvua ilikuwa imenyesha. Mama wa miaka 49, amevaa koti zuri, akajifunga gitaa jeupe, akaanzisha wimbo wa gharika ya Nuhu. Picha hizo bado zipo. Ukiziangalia, tazama vidole vyake, halafu tazama nyuso za wale vijana. Wanapiga makofi wimbo wa Biblia, na wengi wao sidhani kama Jumapili iliyotangulia walikuwa kanisani.

Little Richard, mwimbaji maarufu wa roki, alikuwa kijana tu Rosetta alipompandisha jukwaani Macon, Georgia, mwaka 1947. Mwimbaji Johnny Cash alimtaja Rosetta miongoni mwa waliomlea kimuziki. Enzi nzima ya dhahabu ilichota kwa mama huyu. Naye alipofariki Philadelphia mwaka 1973 kaburi lake lilikaa miongo bila jiwe lenye jina, na nyumba ya kumbukumbu ya roki, Rock and Roll Hall of Fame, ilimwingiza mwaka 2018. Kwa hiyo ninaposikia kwamba zamani watu walijua kuthamini vipaji, namkumbuka huyu mama.

Hata Elvis Presley, ambaye wahubiri wengi wa Marekani walimlaani mwaka 1956 kwa kuharibu vijana, alilelewa kwenye kanisa la Assemblies of God. Tuzo tatu za Grammy alizoshinda maishani kwa rekodi zake zote zilikuwa za nyimbo za Injili, na mbili kati ya hizo zilihusu ule wimbo tunaouimba kwenye Tenzi za Rohoni, "Bwana Mungu nashangaa kabisa". Wazee wa 1956 wangeambiwa kwamba roki ya Elvis ingekuja kuitwa muziki wa heshima wa zamani, wangekataa katakata. Muziki tunaousifu leo ulikuwa muziki ovyo wa vijana kwa baba zao.

Ndiyo maana Mhubiri 7:10 inatukanya tusiulize kwa nini siku za kale zilikuwa bora kuliko hizi. Haioni hekima ndani ya swali hilo. Mungu ana maswali mengine kuhusu muziki. Kwa kinywa cha Amosi aliwaambia watu waliokuwa wanapiga vinanda vizuri kabisa kwamba wamwondolee kelele za nyimbo zao, kwa sababu haki ilikuwa haitiririki milangoni mwao. Hakuwauliza nyimbo hizo ni za mwaka gani. Na Zaburi ya 33 inataka mambo mawili kwa pamoja, wimbo uwe mpya na upigwe kwa ustadi. Wazee tunakazania ustadi, vijana wanakazania upya, na mstari ni mmoja.

Nao vijana wana ustadi, tukubali. Mwimbaji Billie Eilish na kaka yake Finneas walirekodi albamu ya 2019 kwenye chumba cha kulala cha nyumba ya wazazi wao Los Angeles, na mwaka uliofuata Billie akabeba tuzo kubwa zote nne za Grammy. Mashairi yake mengine yana giza zito, na mzazi anapaswa kuyasikiliza pamoja na mtoto wake na kuyazungumza. Lakini ile sauti ya kunong'ona, kila pumzi imewekwa mahali pake, ni kazi ya mtu anayejua anachofanya.

Turudi kwa Ezra, kwenye jambo lililonigusa kuliko yote. Waliokuwa wanashangilia, wengi wao walizaliwa Babeli. Hawakuwahi kuliona hekalu wala kusikia wana wa Asafu wakiimba ndani yake. Hata hivyo siku ile waliimba kwa kupokezana, kwa utaratibu wa Daudi, kwamba Bwana ni mwema na fadhili zake ni za milele. Waliujulia wapi wimbo huo? Ni wazee waliowafundisha, ugenini, bila hekalu na bila madhabahu, miaka yote hiyo. Wale wanaolia ndio walimu wa wale wanaoshangilia. Mungu hakuwakemea kwa machozi yao. Miaka kama kumi na sita baadaye, kwa kinywa cha Hagai, aliwauliza nani kati yao aliiona nyumba katika utukufu wake wa kwanza, kisha akawaambia wote wajipe moyo wakafanye kazi, maana utukufu wa mwisho utaupita ule wa kwanza.

Kwa hiyo wiki hii nawaomba kitu kimoja. Baba na mama, shangazi na wajomba, kaeni na kijana mmoja wa nyumbani. Achague wimbo mmoja anaoupenda, usikilize mpaka mwisho bila kuguna, umwulize anapenda nini ndani yake. Kisha nawe umpigie wa kwako, umweleze ulikuwa wapi ulipousikia mara ya kwanza. Anayejua gitaa amfundishe asiyejua. Jumatano tukikutana kwa maombi, tutawasikiliza vijana kwanza.

Tuombe. Baba yetu, asante kwa vipaji ulivyovitoa kwa kila kizazi. Wakumbuke watunzi na wapigaji walionaswa na dawa za kulevya na upweke, wa zamani walio hai bado na wa leo. Utusamehe pale tulipowaacha watoto wetu waende peke yao. Utupe masikio. Katika jina la Yesu, Amina.