Nilivyoizoeza pua kunusa upya baada ya korona

Pua haikuwa imeziba. Hewa ilipita vizuri, ila harufu haikuwepo. Virusi vya korona hushambulia hasa seli zinazozilea neva za kunusa, juu kabisa ndani ya pua, kwa sababu ndizo zenye vipokezi vya ACE2, yaani milango ambayo virusi hivyo huingilia. Zikifa, neva hukosa mlezi. Afadhali neva hizi huota upya, jambo adimu mwilini, lakini zikishaota lazima zijiunge tena na ubongo. Mazoezi yanasaidia hapo.

Nilifuata utaratibu wa Thomas Hummel, mtafiti wa mambo ya kunusa wa Dresden, Ujerumani, uliochapishwa mwaka 2009: waridi, limau, karafuu na mkaratusi, asubuhi na jioni, kwa wiki 12. Chukua vichupa vinne vya kioo cha kahawia, weka pamba na mililita 1 ya mafuta ya harufu katika kila kimoja, bandika jina, funga kabisa. Nusa kila kimoja kwa sekunde 10, pumzika sekunde 10, kisha shika kingine. Vuta kidogo kidogo, na akili yote iwe kwenye harufu unayoitafuta. Kunusa huku unatazama simu ni kupoteza mafuta. Pamba isiguse pua, mafuta hayo huunguza.

Mkaratusi hudanganya. Ule ubaridi unaopanda puani si harufu: unabebwa na neva ya trijemino, ile ya hisia za uso, ambayo mara nyingi huwa haijaguswa. Shahidi wangu alikuwa waridi, maana hilo halichomi wala halipoozi. Ukilipata, umenusa kweli.

Baadaye kahawa ikaanza kunuka kama kitu kilichooza na kuungua. Usikate tamaa hapo, mara nyingi ni neva zinazorudi zikiwa bado hazijapatana na ubongo. Nilikula chakula kikiwa kimepoa, kwa kuwa mvuke ndio unaopandisha harufu, na nikakaa mbali na vitunguu, vitunguu saumu na vya kukaanga.

Dawa za kupuliza puani zenye zinki sikuzigusa; zimewahi kuua kabisa uwezo wa kunusa, na Marekani ilitoa onyo mwaka 2009. Na kwa kuwa pua hailindi nyumba tena, kila chakula kilichobaki nilikiandika tarehe, na vali ya mtungi wa gesi niliifunga kila nilipomaliza kupika.