Mgeni wa Nairobi, anza na laini ya simu iliyo kwa jina lako

Wanafunzi wengi wanaofika Nairobi kutoka Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo hushuka basi River Road au Accra Road na kuanza kusaka nyumba siku iyo hiyo. Ni jambo la kueleweka, maana nani anataka kulala gesti na masanduku mawili? Lakini wamekosea mpangilio. Mjini hapa, kodi, umeme, karo, chakula na ada za serikali hulipwa kwa simu. Asiye na laini iliyosajiliwa kwa jina lake atamtegemea mtu mwingine kwa kila shilingi, na huyo mtu siku moja hatapokea simu.

Kabla ya hayo, mpakani. Kitambulisho cha taifa humvusha Mganda au Mnyarwanda bila shida, na Mtanzania anaweza kupita Namanga kwa hati ya muda. Hata hivyo, kwa anayekuja kusoma miaka minne nasema chukua pasipoti kamili kabla hujatoka nyumbani, kwa sababu kila ofisi utakayoingia baadaye itauliza nambari yake. Beba cheti cha homa ya manjano. Chanjo hiyo huhesabiwa kuwa halali siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo kuchomwa usiku wa kuamkia safari hakukusaidii. Afisa wa uhamiaji akikuuliza unakwenda kufanya nini, sema unakwenda kusoma na umwonyeshe barua ya chuo. Ukisema unakwenda kutembea utagongewa muhuri wa matembezi. Kisha, kabla hujaondoka dirishani, soma siku ulizoandikiwa na uweke tarehe hiyo kwenye simu.

Wabadilishaji pesa wa mpakani watakuzunguka. Badilisha kidogo tu ya nauli na chakula, na uzitazame noti unazopewa: noti zinazotumika Kenya leo zina picha ya KICC, lile jumba refu la mikutano la Nairobi. Noti ya zamani ya shilingi 1,000 iliondolewa kwenye mzunguko mwishoni mwa Septemba 2019, na hakuna duka litakaloipokea.

Sasa laini. Nenda kwenye duka la kampuni ya simu yenyewe, si kwa muuzaji wa mwavuli barabarani, ukiwa na pasipoti halisi mkononi. Nakala haitoshi. Omba laini isajiliwe pamoja na M-Pesa, huduma ya Safaricom ya pesa kwa simu, na usiondoke mpaka umepata ujumbe wa kuthibitisha na umeweka nambari yako ya siri. Hakikisha majina yameandikwa kama yalivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, maana tofauti ndogo hapa itakusumbua utakapotaka kurudisha laini iliyopotea.

Mwenyeji wako atakuambia, kwa nia njema kabisa, kwamba ana laini ya ziada utumie hiyo. Mshukuru na ukatae. Siku simu ikiibiwa (na Nairobi simu huibiwa), ni mwenye kitambulisho tu anayeweza kurudishiwa nambari. Kama amesafiri kwao Kitale, pesa zako za kodi zimesafiri naye.

Jifunze mapema njia tatu za kulipa, kwa kuwa zinachanganya wageni. Kumtumia mtu kunataka nambari yake ya simu, na jina lake huonekana kabla hujathibitisha, lisome. Till, ya madukani, inataka nambari moja tu. Paybill inataka nambari mbili, ya biashara na ya akaunti, na hii ya pili ndiyo huleta vilio. Kwenye karo, akaunti huwa nambari yako ya usajili chuoni; kwenye kodi, mara nyingi ni nambari ya nyumba. Ukikosea tarakimu moja, karo yako inaingia kwa mwanafunzi mwingine na ofisi ya fedha itakuzungusha wiki kadhaa. Ukimtumia mtu pesa kimakosa, peleka ujumbe ule wa muamala kwenye 456 mara moja, kabla hajazitoa. Na ukipigiwa simu na mtu anayelia kwamba amekutumia pesa kimakosa, angalia salio lako kwanza. Ujumbe wa kweli hutoka kwa MPESA, hautoki kwenye nambari ya mtu.

Baada ya laini, karatasi za ukaaji. Pasi ya mwanafunzi huombwa kwa njia ya mtandao, na faili kwa kawaida husukumwa na ofisi ya wanafunzi wa kimataifa ya chuo chako. Nenda ofisini humo wiki ya kwanza, usisubiri kuitwa. Beba barua ya kujiunga, vyeti vya shule, nakala ya kurasa za pasipoti, picha, na barua ya mzazi au mdhamini inayosema nani atalipa karo. Vyeti vya Kifaransa kutoka Bujumbura au Bukavu vinahitaji tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa, na ni rahisi zaidi kuishughulikia ukiwa bado kwenu. Kinachochelewesha maombi mengi ni majina: cheti kinasema hivi, pasipoti vile. Kama yako yanatofautiana, pata hati ya kiapo inayounganisha majina hayo kabla hujapeleka chochote. Aliyefikisha miaka 18 na atakayekaa zaidi ya siku 90 anatakiwa pia kujisajili apate kitambulisho cha mgeni.

Ada za serikali hulipwa kwa Paybill 222222 ya eCitizen, mfumo wa serikali wa huduma za mtandaoni. Kijana atakayekusimamisha nje ya Nyayo House, zilipo ofisi za uhamiaji, akisema ana mtu ndani, akitaka taslimu, mpite. Risiti utakayoonyesha kesho ni ile ya mfumo, yeye hana.

Sasa ndiyo nyumba. Wa Chuo Kikuu cha Kenyatta hutafuta Kahawa Wendani na Kahawa Sukari. Wa JKUAT hukaa Juja, upande wa Gachororo. Wa USIU huenda Roysambu na Mirema. Wa Strathmore, Madaraka na Nairobi West. Wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Ngara. Mwanafunzi wa peke yake kwa kawaida huchukua bedsita, yaani chumba kimoja chenye choo na sehemu ya kupikia ndani. Utalipa kodi ya mwezi na amana ya kiasi hicho hicho. Ukihamia katikati ya mwezi, omba ulipe nusu. Wengi hukubali wakiombwa, na hakuna atakayekupunguzia usipouliza.

Usilipe nyumba uliyoiona kwenye picha tu, wala ada ya kuonyeshwa nyumba. Nenda mchana, fungua bomba, vuta maji ya choo, washa taa. Kisha muulize jirani, si keteka (mtunza jengo), maji huja siku gani. Nairobi maji ya kampuni ya jiji huja kwa ratiba, mitaa mingine siku chache tu kwa wiki, na kinachookoa ploti, yaani jengo la vyumba vya kupanga, ni tangi lililo juu ya paa. Ploti bila tangi kubwa ina maana utanunua maji kwa mtungi wa lita 20 na kuubeba hadi ghorofa ya nne. Kuna ploti zenye kisima, nazo zina faida yake, ila maji ya chini ya ardhi hapa yana floraidi nyingi: oga na fua nayo, ya kunywa nunua yaliyosafishwa. Kuyachemsha hakuondoi floraidi.

Kodi itumwe kwenye akaunti ya mwenye nyumba au wakala wake anayejulikana, si kwenye simu ya keteka, hata awe mwema namna gani. Siku ya kuingia, piga picha kila ukuta, kioo na soketi, uzitume kwake kwa WhatsApp ili tarehe ibaki. Amana nyingi hupotelea kwenye madai ya rangi na kioo kilichopasuka zamani.

Umeme ni wa tokeni, yaani unalipia kabla ya kutumia. Kama mita ni ya Kenya Power yenyewe, unalipa kwa Paybill 888880, akaunti ikiwa nambari ya mita, na unatumiwa tarakimu 20 za kubonyeza. Ploti nyingi zina mita ndogo za mwenye nyumba zenye Paybill yao. Uliza kabla hujalipa. Ukipata yuniti chache kuliko ulivyotarajia, huenda mita ina deni la aliyetangulia, na hilo ni la mwenye nyumba kulimaliza. Vifaa kutoka Tanzania na Uganda vitaingia kwenye soketi za hapa, zile za pini tatu bapa. Vyenye pini za mviringo kutoka Kongo, Rwanda na Burundi vinahitaji adapta.

Nauli ya matatu hupanda asubuhi, jioni na mvua ikinyesha, kwa hiyo muulize makanga (konda) kabla hujakanyaga ngazi. Matatu ya 237 hupita barabara ya Thika, na Juja iko njiani. Ukikaa dirishani, simu ibaki mfukoni kwenye foleni.

Anayetoka Dar au Bujumbura asidharau baridi ya Juni hadi Agosti. Mji uko karibu mita 1,700 juu ya bahari na nyumba hazina vipasha joto. Blanketi zito la mitumba utalipata soko la Gikomba. Nenda asubuhi, pamoja na mwenyeji.

Pasi ya mwanafunzi ina tarehe ya mwisho, tena imefungwa kwa chuo kilichokuombea. Ukihamia chuo kingine haikufuati; chuo kipya lazima kiombe upya. Anza kuhuisha miezi miwili kabla haijaisha, hasa kama tarehe inaangukia likizo ndefu, ofisi ya chuo ikiwa na watu wachache na wewe ukiwa nyumbani ng'ambo ya mpaka.