Diski nne kwenye kasha moja na joto hili la Dar
Jamani wenye diski nyingi kwenye kompyuta ya nyumbani, msizibananishe. Mie ninazo nne za inchi 3.5, picha zote za marehemu bibi zimo humo, na zile mbili za katikati zilikuwa zinapanda mpaka nyuzi 54 maana hewa haipiti kabisa. Nimeruka nafasi moja kati ya diski na diski, nikafunga feni ya milimita 120 mbele izipulizie moja kwa moja, saa hizi zinacheza 41, 42. Feni kubwa inayozunguka taratibu inashinda ndogo yenye makelele, hapo sibishani na mtu. Na kwenye skrubu wekeni raba, mtikisiko unapungua. Anayejua Kariakoo wapi wanauza feni za milimita 140 aniambie, naongeza ya nyuma.