Wikiendi Castleton, baridi ikiaga

Jamani, wikiendi tulitoka na familia hadi Castleton, kijiji cha Peak District, hifadhi ya taifa ya kwanza kutangazwa Uingereza (1951). Mwisho wa Februari, na baridi bado ina meno. Tukapanda Mam Tor. Mita 517 tu, si mlima wa kumtisha mtu aliyekulia Moshi, ila upepo wa pale juu unakuvua kofia na heshima pamoja! Mama mkwe alijifunga khanga juu ya koti, akapanda polepole akimtaja Mungu, na akafika kabla ya mwanawe.

Watoto mandhari hawana habari nayo, wao ni matope. Mdogo alinasa, mguu ukatoka na soksi tupu, buti likabaki humo.

Mimi nilipenda zile kuta zinazogawa malisho: mawe yamepangwa tu, bila saruji, na zinadumu miaka nenda rudi. Kondoo wanajibanza nyuma yake kukwepa upepo. Wana akili kuliko sisi.

Jioni tukanywa chai ya tangawizi garini, vioo vimejaa mvuke. Bibi kashaanza kuuliza tunarudi lini.