Kidonda ambacho hakikuniuma

Kilikuwa ubavuni mwa ulimi, upande wa kushoto. Hakikuuma, na hilo ndilo lililonichelewesha, maana nilidhani kisichouma hakina neno. Nikasukutua maji ya chumvi, wiki sita zikapita. Daktari wa meno alipokipapasa alikuta pembeni pagumu. Akaniambia neno ambalo sasa namwambia kila mtu: kidonda cha kinywani kikipita wiki mbili au tatu bila kupona, kipimwe, kiume kisiume. Vivyo hivyo baka jeupe au jekundu lisilofutika.

Wakanichoma ganzi, wakakata kinyama kidogo kwa vipimo. Majibu: saratani. Nilikuwa nikivuta sigara na kunywa pombe, wala sikujua kwamba viwili hivyo vikikutana hatari huzidi mno ile ya kimoja peke yake. Sigara niliiacha wiki ileile, kwa kuwa tiba ya mionzi haimsaidii vizuri mtu anayeendelea kuvuta.

Katika upasuaji waliondoa sehemu ya ulimi na tezi za shingoni, huko ndiko saratani hii husambaa kwanza. Baadhi ya tezi zilikutwa nayo, nikapangiwa mionzi: mara 30, siku tano kwa wiki, wiki sita.

Kabla ya kuanza, nilirudishwa kwa daktari wa meno. Sikuelewa, nikakasirika hata. Meno gani tena wakati nina saratani? Kumbe mionzi hudhoofisha mishipa midogo ya damu kwenye taya. Jino bovu likija kung'olewa baadaye, mfupa unaweza kushindwa kupona, ukafa. Niling'olewa matatu, nikasubiri fizi zifunge. Kama unakaribia kuanza mionzi na hakuna aliyekuangalia meno, uliza. Uliza leo.

Wiki ya tatu kinywa kizima kikawa kidonda, mate yakawa mazito kama gundi. Nilijifunza kunywa dawa ya maumivu nusu saa kabla ya kula, kusukutua maji yenye chumvi na bikabonati (soda ya kuokea) mara nyingi kwa siku, na kuepuka dawa za kusukutua zenye spiriti. Mtaalamu wa kumeza alinisisitizia nimeze japo mafunda machache kila siku, hata nilipokuwa nalishwa kwa mpira wa puani, kwa sababu misuli ya koo isipotumika hulegea. Taya nalo hukaza. Nilikuwa nalipanua kwa vijiti bapa vya mbao vilivyopangwa juu kwa juu kati ya meno, nikiongeza kimoja kila nilipoweza.

Mate hayajarudi yote, kwa hiyo chupa ya maji haiachani nami na usiku napaka meno floraidi yasioze. Herufi R bado inanikwama. Kliniki naenda kila baada ya miezi miwili, maana saratani hii ikirudi, mara nyingi hurudi ndani ya miaka miwili ya mwanzo. Daktari hupapasa palepale, kisha shingo, na mimi hushusha pumzi anapoondoa kidole.