Massey Ferguson 35 ya babu na injini ya jenereta: kumbukumbu ya mradi wangu, Moshi

Naanza na hali ilivyokuwa. Trekta ni Massey Ferguson 35, zile za mwanzo zenye injini ya Standard ya silinda nne, sio ile ya Perkins ya silinda tatu ambayo wengi ndo wanaijua. Babu alilinunua likiwa limeshatumika, akalima nalo shamba la chini huko Kahe miaka na miaka, baba mdogo akalipokea, mpaka linafika kwangu kompresheni (nguvu ya kubana hewa kwenye silinda) imekwisha kabisa. Kila asubuhi lazima lifungwe kamba livutwe na gari ndo liwake, na ukilizima mchana ili ule basi utafute tena gari la kulivuta.

Karibu kila niliyemuuliza alisema weka Perkins silinda tatu, ile A3.152 ya lita 2.5. Na ni ushauri mzuri, kiwanda chenyewe kilihamia injini hiyo kwenye 35, na MF 135 iliyokuja baadae ikatumia ukoo huohuo. Shida ni kwamba zote nilizoziona Moshi na Arusha kama sio bei haishikiki basi kranki, ile shafti kuu ya injini, imeshachongwa mpaka saizi ya mwisho, unanunua ugonjwa mwingine. Wakati naendelea kutafuta nikaambiwa kuna jenereta bovu linauzwa pale njia ya Himo, upande wa umeme umeungua lakini injini nzima. Nikaenda kuangalia, Kubota V2203, dizeli, silinda nne, lita 2.2. Nikaiwasha ikiwa baridi ikashika mara moja, moshi mweupe kidogo tu alafu ukakata. Sikulala usiku ule. Kesho yake nikarudi na hela.

JANUARI

Kwa anayefikiria kufanya kazi kama hii, jambo la kwanza la kujua: trekta hizi hazina chesisi. Kwenye gari injini imewekwa juu ya fremu, ukiitoa gari linabaki limesimama. Kwenye Ferguson injini ndo mgongo wenyewe, nyuma imefungwa na bolti kwenye gia boksi, mbele imeshika bano la ekseli, hakuna kitu kingine kinachobeba uzito kati ya mbele na nyuma. Ukiitoa una vipande viwili vya trekta. Na Kubota ya jenereta haikutengenezwa kubeba mzigo wa namna hiyo, sampu yake, lile bakuli la oili chini, ni bati tu, ukiifunga hivohivo siku trekta likidumbukia kwenye mfereji unapasua bloku. Kwa hiyo kazi yangu kubwa haikuwa injini, ilikuwa kulitengenezea trekta mgongo mwingine.

Kabla ya kufungua bolti hata moja nilipima. Uso wa gia boksi mpaka uso wa bano la mbele, urefu wa ekseli toka chini, katikati ya kranki toka chini, vyote nikaviandika ukutani kwa chaki na kupiga picha. Umbali wa bano la mbele ndo muhimu kuliko vyote maana ile mikono miwili ya ekseli inatoka kwenye magurudumu ya mbele inarudi nyuma mpaka kwenye gia boksi, na fimbo za usukani nazo ni hivohivo. Ukisogeza ekseli mbele sentimita tatu hesabu yote ya usukani imeharibika.

Siku ya kuligawa tulikuwa wanne. Baba mdogo alikuja toka Kibosho na kabari zake mbili za mti wa mgrevilea, akazigonga kati ya ekseli na bano, kushoto na kulia. Ekseli ya mbele inachezea kwenye pini moja katikati, ukishaachanisha trekta kipande cha mbele kinaangukia upande kama hujakizuia. Mimi ningesahau kabisa, na pale ndo mtu anavunjika mguu. Jeki mbili chini ya gia boksi, chenbloko juu, saa tano na nusu injini ya zamani ikawa imening'inia. Babu akiwa hai sijui angesema nini, nilipata uchungu kidogo aisee. Nimeiweka stoo, siiuzi chuma chakavu.

FEBRUARI

Sahani ya kuunganisha. Nimeenda nayo wiki tatu na hapa ndo niliharibu hela.

Sahani ni bamba la chuma la milimita 25, upande mmoja linafungwa kwenye Kubota, upande mwingine kwenye gia boksi. Matundu nilipata kwa njia ya zamani, unachukua kadibodi ngumu unaishikiza kwenye uso wa gia boksi unagonga pole pole na kinyundo kwenye kingo za kila tundu mpaka kadibodi inajikata yenyewe. Inafanya kazi vizuri kwa matundu ya bolti. Ila bolti sio zinazoweka katikati! Bolti zinabana tu. Kinachotakiwa ni shafti ya gia boksi na kranki ya injini vikae kwenye mstari mmoja kabisa, na kadibodi haiwezi kukupa hiyo.

Nilitoboa bamba la kwanza kwa kadibodi, nikafunga, shafti ikaingia, nikafurahi. Mzee anayekereza vyuma hapa mjini, ana mashine ya zamani sana na macho bado makali, akaniambia usiwashe kwanza, leta saa ya kupimia, ile yenye sindano inayosoma sehemu ndogo za milimita. Akaikaza kwa sumaku juu ya flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka na kranki, sindano ikagusa ukingo wa duara la sahani, alafu akaniambia zungusha kranki kwa mkono taratibu. Nazungusha, sindano inatembea, inatembea, inarudi. Tukasoma milimita moja na pointi mbili kutoka mwisho huu mpaka ule, maana yake katikati imekosa kwa zaidi ya nusu milimita. Akasema "Mwanangu, hii utakula klachi na beringi mpaka uchoke, na hutajua kwa nini." Bamba likaenda pembeni.

La pili tulianza na duara la katikati likiwa bado kwenye mashine, tukalikereza likae kwenye Kubota bila kucheza, alafu ndo tukatafuta gia boksi kwa saa ileile, tunasogeza, tunapima, tunasogeza, mpaka sindano ikawa inatikisika chini ya sehemu ya kumi ya milimita. Hapo ndo tukatoboa na kupiga pini mbili za kushikilia nafasi, ili siku nikifungua nikirudisha irudi palepale. Kazi ya siku mbili mfululizo na alinitoza kidogo kuliko ilivyostahili. Namheshimu sana yule mzee.

MACHI NA APRILI

Mvua. Nilitaka nilime kabla ya masika, haikuwezekana, shamba limelimwa na trekta la kukodi mwaka huu.

Fremu imekaa hivi: chaneli mbili za chuma, moja kila upande, nyuma zinafungwa kwenye ile sahani na pia zinarudi nyuma mpaka kwenye bolti za vikanyagio, mbele zinabeba bano la ekseli. Injini yenyewe nyuma imefungwa moja kwa moja kwenye sahani bila mpira, mbele imekaa juu ya mpira mmoja tu katikati. Niliulizwa sana kwa nini sio mipira miwili au kwa nini sikuikaza pande zote. Trekta likipita kwenye tuta fremu inajikunja kidogo, lazima ijikunje, chuma ndo kilivyo. Injini ikiwa imekazwa pembe zote nne basi hilo kunjo linaingia kwenye bloku. Kwenye mpira mmoja wa katikati fremu inajikunja, injini inabaki na amani yake.

Kijana wa kuchomelea nilimwambia achome mabano kwa vipande vifupi, apumzishe, abadilishe upande. Alichoma mstari mzima kwa mara moja kwa sababu mvua ilikuwa inakuja. Chuma kilipopoa kikavuta, mbele ikapanuka milimita nne. Tulikata kwa grainda tukarudia. Yeye mwenyewe alisikitika, hakunidai hela ya mara ya pili.

MEI

Klachi. Trekta langu ni la klachi moja, sio lile la klachi mbili, hiyo ilinipunguzia kazi. Flaiwili nimebaki na ya Kubota kwa sababu ina meno yake ya stata na stata yake iko palepale, nikaikereza uso uwe bapa na kutoboa matundu ya kubeba klachi ya Massey. Cha kuangalia ni kina, sahani ya klachi lazima ikae kwenye meno ya shafti palepale ilipokuwa inakaa zamani, ndo maana unene wa bamba unahesabiwa pamoja na flaiwili, sio peke yake. Katikati ya flaiwili nikaweka kikombe cha kushika beringi ya ncha ya shafti.

Haidroli sikugusa kabisa. Pampu ya Ferguson imekaa ndani kwenye oili ya gia inazungushwa na shafti ya PTO, ile inayotokea nyuma kuendesha mashine, haijui injini gani iko mbele.

JUNI

Imewaka ndani ya trekta tarehe 9, saa kumi jioni. Watoto wa jirani walikuwa juu ya ukuta wanashangilia.

Kuhusu gavana, kifaa kinachopima dizeli ili injini ishike mwendo. Injini ya gari haifai sana hapa kwa sababu nyingi zinategemea mguu wa dereva, trekta linataka injini inayoshika mwendo yenyewe, plau likikuta udongo mgumu gavana inaongeza dizeli bila wewe kugusa kitu. Injini ya jenereta inayo gavana ya hivo tayari, ndo sababu kubwa niliichukua. Alafu kuna hili ambalo nililifurahia sana nilipolikokotoa: jenereta ya namna hii kwa umeme wetu wa hezi 50 inazunguka 1500 kwa dakika maisha yake yote, na Massey 35 ikiwa 1500 ndo PTO inatoa 540. Yaani mashine ya kupukuchulia mahindi itaendeshwa na injini hii kwa mwendo uleule iliouzoea.

Ila gavana ya jenereta springi yake ni ngumu kwa ajili ya kushika mwendo mmoja tu. Nilipoondoa bolti iliyokuwa inafunga wenzo na kuunga waya wa moto wa mkono (wa kuongeza na kupunguza mwendo wa injini), kwenye mwendo wa chini injini ikawa inapanda inashuka, vuum, vuum, haitulii. Dizeli safi, hewa hakuna, nozeli nzima. Nilihangaika siku nne nikitafuta hewa kwenye mipira kumbe ni springi. Nikapata laini zaidi toka kwenye injini ya familia hiyohiyo iliyokuwa kwenye trekta dogo, ikatulia siku hiyohiyo. Juu nimeifunga isipite 2200. Inaweza zaidi ya hapo, lakini gia boksi na difu vilitengenezwa kwa farasi kama 35 na sitaki kuvunja kitu cha babu kwa kutafuta nguvu ambazo plau la sahani mbili halizihitaji.

JULAI

Inachemka. Kwenye uwanja inakaa vizuri, ikitembea na mzigo dakika kumi geji inapanda. Nimeosha rejeta, nimebadilisha themostati, bado. Baba mdogo ndo aliweka karatasi ya daftari mbele ya rejeta, injini ikiwa inaunguruma, karatasi ikarushwa mbele. Feni ya jenereta inasukuma upepo kutoka kwenye injini kwenda nje, na trekta likitembea upepo wa mbele unagongana nao, alafu ni upepo wa moto tayari.

Nikaifungua feni nikaigeuza uso. Nikarudisha karatasi. Ikarushwa mbele tena! Hapa naomba mtu asipoteze siku kama mimi: feni ukiigeuza upepo hauendi upande mwingine, mlalo wa mapanga unabaki uleule, inapungua nguvu tu. Lazima upate feni yenye mapanga yaliyolalia upande wa pili. Nilipata, karatasi ikanyonywa ikabanwa kwenye rejeta, na geji toka hapo haijavuka katikati.

Asubuhi ya tarehe 20 kulikuwa na baridi ile ya Julai, mlima umefunikwa wote. Nililiacha trekta nje usiku makusudi. Jirani alikuja saa kumi na mbili na nusu na pikapu na kamba yake bila kuitwa, miaka yote anatuvuta, amezoea. Nikapasha plagi za kupashia injini nikahesabu mpaka kumi, nikagusa stata, likashika. Akabaki ameshika kamba mkononi anasikiliza. Akasema "Mangi, hili ndo lile lile?" Nikamwambia panda.

AGOSTI, MWISHONI

Mahindi yametoka. Tumelima Kahe robo tatu ya siku, plau la sahani mbili, gia ya pili, udongo mkavu wa baada ya mavuno. Baba mdogo alikaa kwenye kiti muda mwingi kuliko mimi. Kwenye ile sehemu ya magadi karibu na mfereji, ambapo zamani ilikuwa lazima uinue plau kidogo, nilisikia gavana inafungua, sauti ikawa nzito, mwendo haukubadilika. Saa sita tukalizima tukale. Saa saba likawashwa.

Yaliyobaki: oili inavuja kidogo kwenye sili ya nyuma ya kranki, tone mbili tatu kwa usiku, naiangalia kwanza. Boneti haifungi kwa sababu mdomo wa kuingizia oili uko juu, bati nitalikata na kuliinua, sitaki kutoboa la asili. Zamani stata ilikuwa haigusi kama gia iko ndani, sasa nimeweka kitufe na hakina ulinzi huo, kwa hiyo swichi ya nyutro inafungwa wiki hii kabla mtu mwingine yeyote hajaliwasha. Nimepima tena umbali wa bano la mbele baada ya kulima, upande wa kushoto na wa kulia, uko sawa na chaki ya ukutani.